Mhudumu aliuliza kama nyumba yetu ina dari

Nilizaliwa Tukuyu nikakulia Uyole, huko Mbeya kwenye baridi. Kwetu, ukisikia hali ya hewa imemuua mtu ndani ya nyumba, jua ni mwezi wa Juni na kuna jiko la mkaa lililoingizwa chumbani, mlango ukafungwa. Joto tulilijua kama habari za Dar es Salaam. Kwa hiyo nilipohamia kikazi Rujewa, kwenye joto la bonde la Usangu, sikuikagua kwa jicho hilo nyumba niliyopanga: vyumba viwili vya tofali za kuchoma, bati tupu bila dari, na dirisha la chumbani linatazama machweo.

Mama akaja kunisalimia mwezi wa Novemba, mvua bado. Alishuka na mkungu wa ndizi na sweta mkononi. Siku ya tatu nilitoka kazini saa kumi jioni nikamkuta kajifungia ndani, madirisha yote kayafunga kwa kuogopa vumbi na vibaka, kama afanyavyo kwake. Nikamwambia shikamoo, akaniita kwa jina la mjomba ambaye tulishamzika. Mwili ulikuwa wa moto wa kushtua.

Nikawaza malaria. Usangu kila mtu angewaza hivyo. Nikaanza kuhangaika kutafuta bodaboda, na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu dakika zile zilikuwa za maji. Jirani yangu ndiye aliyeingia na ndoo. Tulimbeba mama hadi chini ya mwembe, jirani akamlowesha kanga kuanzia kichwani, akaweka vitambaa vya maji shingoni na kwapani, akampepea kwa ungo. Kunywesha alikataa hadi mama alipoweza kujibu maswali, asije akapaliwa. Tulipofika kituo cha afya alikuwa ananitambua. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Mhudumu akauliza anatumia dawa gani (ya presha, ile inayokojosha), kisha akauliza: "Nyumba yenu ina dari?"

Swali hilo lilinipeleka duka la pembejeo kununua kipimajoto, kile cha wafuga vifaranga. Nilikitundika ukutani usawa wa kitanda, mbali na dirisha, nikawa naandika kwenye daftari. Siku moja nje kivulini kilisoma nyuzi 33, chumbani saa kumi jioni 37. Lakini namba iliyonitisha ni ya saa nne usiku: nje watu wamejifunika kanga barazani, chumbani bado 31. Bati huchemka mchana na kumulika joto chini kama jiko lililogeuzwa, tofali nazo hulihifadhi na kulirudisha usiku, wakati mwili unataka kupumzika. Shirika la Afya Duniani linashauri chumba kisizidi nyuzi 32 mchana na 24 usiku. Changu kilishindwa kotekote.

Tukisikia utabiri wa redioni, tukumbuke kwamba namba ile hupimwa kivulini, ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu, hewa ikipita. Hakuna anayelala kwenye kisanduku hicho. Kama huna kipimajoto, ingia chumbani kwa mzee wako saa nne usiku, kaa robo saa mlango ukiwa umefungwa. Utajua.

Sisi watu wa baridi ndio wa kujihadhari zaidi. Mwaka 2021 jimbo la British Columbia huko Kanada, nchi ya theluji, lilipatwa na wiki ya joto lisilo la kawaida wakafa watu 619. Asilimia 98 walikufa wakiwa ndani ya majengo, na zaidi ya nusu waliishi peke yao. Wengi walikuwa wazee.

Nilichofanya kwangu hakikuwa cha gharama. Nilipaka chokaa juu ya bati (mvua huiosha, unarudia kila mwaka). Mwenye nyumba aliponiruhusu nikatengeneza dari la viroba vilivyoshonwa, baada ya fundi umeme kuzifunika nyaya, maana viroba hushika moto upesi. Dirisha la magharibi hufungwa na kuwekewa pazia zito kuanzia saa nne asubuhi, jua likizama nafungua yote, nyavu zikiwepo na chandarua kitandani. Feni inasaidia, ila hewa ikifika nyuzi 40 inakupulizia moto tu. Jiko lilihamia nje moja kwa moja. Na hapa niseme kidogo: kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu vinaweza kuwa vya joto, na vinaweza kuwa vya hewa ya sumu ya mkaa. Mkiumwa kichwa nyumba nzima kwa pamoja na jiko linawaka ndani, tokeni nje kwanza, mtajadiliana huko.

Kuonya watu ndiko kugumu. Nilimwambia mama "kunywa maji mengi" mara kumi, akanijibu, "Mwanangu, sina kiu." Alikuwa anasema kweli: uzeeni kiu huchelewa kuliko hitaji lenyewe. Siku hizi simuulizi kiu. Namuuliza mkojo una rangi gani, amekojoa mara ngapi tangu asubuhi, jana usiku alilala au alikesha anajigeuza. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo amuulize daktari kiasi cha maji, asifuate yangu. Dawa za presha hazikatwi kienyeji kwa sababu ya joto, unauliza. Mwenye insulini bila friji aiweke ndani ya chungu kilichopangwa ndani ya chungu kingine, mchanga uliolowa katikati, kivulini.

Onyo linaloshikika lina saa na mahali. "Kuna joto, jihadhari" halimwinui mtu kitini. "Bibi, saa sita nakuja, tunahamia mwembeni hadi saa kumi na moja" linamwinua. Mimi na jirani tumegawana: yeye huwapitia wazee wawili wa nyuma yetu mchana, mimi huwapitia jioni. Tunagonga na kuongea nao, hatupungi mkono tu tukapita. Akijibu maneno yasiyoeleweka, au anayumba, ni kumlowesha mwili kwa maji hapohapo huku mwingine akitafuta usafiri.

Mwaka huu nimemwambia mama aje aone dari. Kasema atakuja Juni.