Dumuzi hazoei dawa

Mwaka wangu wa pili wa kulima mahindi hapa Urambo nilivuna magunia 14, nikanunua pakiti 7 za dawa ya unga ya kuua wadudu wa ghalani. Pakiti moja ilikuwa ya gunia moja, imeandikwa wazi, lakini Juni ni mwezi wa madeni. Nikajiambia nusu inatosha. Miezi miwili ilitosha kweli. Kufika Oktoba, nikiinua gunia linamwaga unga kama limetoka mashineni.

Jirani akanipa pole: "Baba Doto, wadudu wa siku hizi wameshaizoea dawa."

Kauli hiyo inanikera, maana ndiyo inayotufanya turudie kosa lilelile. Dumuzi, mdudu mdogo anayetoboa mahindi ghalani, hazoei dawa kama mlevi anavyozoea pombe. Akipata dozi ya kumuua, anakufa. Kinachobadilika ni ukoo.

Chukua gunia lenye dumuzi elfu moja. Hawafanani. Wachache wamezaliwa na mabadiliko madogo kwenye jeni, yaliyotokea kwa bahati tu, hata kabla hujafungua pakiti: huyu mwili wake unaivunja sumu upesi, yule sehemu ya neva inayoshikwa na sumu imebadilika umbo kidogo. Nusu dozi inawaua wanyonge na kuwaachia hao wachache gunia zima. Wanazaana, watoto wanarithi. Kukiwa na joto, yai huwa mdudu kamili kwa karibu mwezi mmoja, kwa hiyo kuanzia mavuno hadi mvua za Novemba ni vizazi vinne hivi, na kila kizazi wenye jeni ile wanazidi. Mfugaji hubakiza jogoo mkubwa wa mbegu, wadogo akawachinja. Mimi nilifanya hivyohivyo kwa dumuzi, tena kwa hela yangu.

(Inawezekana pia dawa yenyewe ilikuwa imekwisha muda. Angalia tarehe kabla hujalipa.)

Mdudu huyu si wa kwetu kiasili. Kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati. Afrika alianza kuonekana mkoani hapa Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970. Dawa iliyokuwa ikiwaweza fukusi, wadudu wengine wa nafaka, haikumtisha sana, ndiyo maana dawa nyingi za unga sasa huchanganywa viuatilifu viwili, kimoja cha fukusi na kingine cha dumuzi. Ukipunguza kipimo, umevipunguza vyote viwili.

Siku hizi pesa ikipungua nauza gunia moja mapema ninunue dawa kamili ya yaliyobaki. Mahindi ya zamani sichanganyi na mapya hata yakiwa debe moja, kwa sababu dumuzi waliomo ndio walioponea dawa ya mwaka jana, na ndio watakaozaa. Ghala nalifagia hadi kwenye nyufa, takataka nachoma.

Ya kula nyumbani nayaweka kwenye mifuko isiyopitisha hewa, bila dawa. Mdudu anakosa hewa ndani, anakufa. Ila yawe makavu: tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, chumvi ikigandia chupani, rudisha mahindi juani. Na usichelewe kufunga. Dumuzi ana meno ya kutoboa plastiki, na nimeshapoteza mifuko miwili kwa kungoja wiki tatu baada ya kupukuchua.