Maktaba ya chuo kidogo Pemba: kabla ya barua ya maombi, nunua kaunta buku

Assalamu alaykum wanajukwaa.

Mdogo wangu ameuliza hivi: ameajiriwa kusimamia maktaba ya chuo kidogo huko Pemba, chumba kimoja na stoo, vitabu kama 2,000, na mkuu wa chuo anamtaka aandike barua ya maombi wiki hii. Aombe kompyuta au aombe vitabu? Waliojibu juu wamegawana nusu kwa nusu. Mie nilikaa miaka 11 kwenye maktaba ya chuo cha ualimu hukohuko Pemba, na nakwambia barua hiyo usiiandike bado.

Nunua kaunta buku. Kila anayekuja akakosa alichokitaka, andika tarehe, yuko mwaka wa ngapi, na alichokitaka kwa maneno yake mwenyewe, usimtafsirie. Langu nililiita daftari la "hakuna", maana ndilo neno nililokuwa nikilisema kutwa. Nilidhani mwisho wa muhula nitapata orodha ya vitabu vya kununua. Wapi! Zaidi ya nusu ya vilivyoandikwa mle tulikuwa navyo. Ama vilikuwa stoo havijasajiliwa, ama kavichukua mtu mmoja tangu Mfunguo Mosi, ama vilikuwa rafuni lakini pahala ambapo mja hawezi kuwaza kuvitafuta.

Hili la mwisho ndilo lililonifundisha kazi. Neno "mirathi" lilijirudia daftarini mara nyingi mno, na vitabu vya mirathi tulikuwa navyo sita. Maktaba yetu ilipangwa kwa mpango wa Dewey, ule aliotunga Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876, maarifa yote mafungu kumi, 000 hadi 900. Fungu la 200 ni dini. Sasa tazama: 220 hadi 289 yote ni Biblia na Ukristo, na Uislamu mzima, tafsiri, hadithi, sira, umebanwa kwenye 297 peke yake. Kwetu rafu ya 220 ilikuwa tupu, buibui wanasuka, na 297 imefurika hadi vitabu vinalala juu ya vyenzake. Juu ya hayo, Qur'ani ni 297.122, Hadithi ni 297.124, lakini sheria ya Kiislamu imetupwa 340.59, ukuta wa pili, pamoja na vitabu vya mikataba na jinai. Maalim mmoja wa dini nilipomwonyesha alicheka, akaniuliza, "Kumbe mirathi mmeshaipeleka mahakamani?"

Namba sikuzibadilisha. Ukianza kubadilisha namba utaharibu rejesta na atakayekuja nyuma yako atakulaani. Nilichohamisha ni vitabu vyenyewe: 340.59 yote nikaiweka ubavuni mwa 297, na pale ilipokuwa nikasimamisha kipande cha ubao kilichoandikwa "Mirathi, ndoa na talaka: nenda rafu ya dini". Kiswahili nacho hivyohivyo. Lugha iko 496.392, fasihi iko 896.392, yaani kamusi na diwani zimetenganishwa na chumba kizima wakati mwanafunzi wa Kiswahili anazitaka zote asubuhi moja. Nikaziweka jirani. Meza ya mbele yake nikaweka Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 na Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA (Baraza la Kiswahili Zanzibar) la 2010, zisitoke mlangoni, watu wabishane hapohapo. Na walibishana kweli, hasa wakikuta neno la kwao limo kwenye moja na halimo kwenye nyengine.

La pili lililotoka daftarini ni vitabu vya kozi. Tulikuwa na nakala nne za kitabu cha saikolojia ya elimu na darasa la watu 70 na ushei. Ukiziazimisha kwa wiki mbili, watu wanne wanasoma na waliobaki wanakuchukia. Nikaziweka nyuma ya kaunta: muda wa saa mbili kwa saa ya ukutani, unasomea ndani, unatia saini. Ikifika saa tisa alasiri unaweza kwenda nayo nyumbani, irudi saa mbili asubuhi. Faini ya pesa sikuitoza. Mtoto wa watu hana hata nauli ya gari ya kurudi Micheweni, utamtoza nini? Aliyechelewesha alikosa haki ya kwenda nacho nyumbani wiki nzima, na hilo liliwauma kuliko shilingi. Msimu wa karafuu tu ndio ulionishinda. Vitabu vinapanda mashambani na wenyewe, kimoja cha hesabu kilirudi kinanuka makonyo (vikonyo vya karafuu) mpaka leo.

Sasa nije kwenye kitu ambacho huhitaji kukiomba kwa mtu wa nje. Nenda ofisi ya taaluma, uliza ripoti za utafiti za wanafunzi waliomaliza ziko wapi. Zetu zilikuwa juu ya kabati, zimefungwa kamba, paka kazalia humo. Nilibembeleza muhula mzima nikapewa. Nilizisajili, na mbali ya namba nikaziandikia kadi kwa jina la pahala: Wete, Tumbe, Makangale, Mkoani, Kojani. Kulikuwa na moja juu ya watoto wa Kojani wanaokosa skuli wazee wao wanapokwenda dago, yaani kambi za uvuvi. Kitabu cha kununua chenye habari hiyo utakipata wapi? Ndizo zilizosomwa kuliko kitu chochote kingine chumbani mule, na walimu wakaanza kuwakataza wanafunzi kurudia mada iliyokwishaandikwa, kwa kuwa sasa inaonekana. Wazee wetu neno "chuo" walilitumia pia kwa maana ya kitabu, ndiko alikotoka mwanachuoni. Basi hivyo ndivyo vyuo vya chuo chenu. Ila visisomwe nje ya chumba, na kopi ya kurasa zote usiruhusu, maana wapo wanaobadilisha jina la mbele tu na kukabidhi. Mitihani iliyopita ifunge pamoja kwa somo na mwaka, hiyo haina maneno mengi.

Unyevu. Masika ya Pemba unayajua. Rafu usiigandishe ukutani, acha upana wa kiganja hewa ipite, na rafu ya chini kabisa iache tupu, ili mchwa akipanda uone njia yake ya udongo kabla hajafika kwenye karatasi. Kitabu chenye ukungu kitenge, kikaushe kivulini kwenye upepo, ndipo ukifute kwa kitambaa kikavu nje ya chumba. Jua kali litakipinda. Kuna atakayekwambia utie karafuu rafuni. Nimetia. Chumba kilinukia vizuri sana, na mchwa wakaendelea na shughuli zao.

Kompyuta sikukatazi. Lakini ukiomba, omba mbili na ujue za kazi gani. Watakutajia Koha, programu ya bure ya maktaba iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000. Kwa Kimaori jina hilo maana yake zawadi. Ni nzuri, lakini inataka mtu wa kuiangalia, na vitabu 2,000 vinaenea kwenye jedwali la kawaida la kompyuta, alimradi uwe na nakala nyengine kwenye fleshi nyumbani. Ya pili itie Kiwix, nayo ya bure, ushushe Wikipedia ya Kiswahili mara moja pahala penye mtandao, kisha isomwe bila bando. Na kama chuo chenu kina kozi za afya, mwambie mkuu wa chuo akiandikishe kwenye HINARI, mpango wa kusoma majarida ya utafiti wa afya mtandaoni, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002; Tanzania imo. Anayeandikishwa ni chuo, si wewe.

Boksi za misaada zilizo stoo kwako, ambazo najua zipo, zifungue zote kabla hujasajili hata kimoja. Kinachofaa kitie mhuri na namba. Kisichofaa usikipe namba, kwa sababu kikishapata namba ni mali ya chuo, na kukitoa kunataka barua na kamati. Mtangulizi wangu alisajili boksi nne za sheria za kodi za Marekani. Niliandika barua mwaka wangu wa kwanza. Siku ninakabidhi funguo boksi zilikuwa palepale, tumeziwekea birika la chai, na kamati haijakaa.