Fomu ikifika kwa seva: vitu nilijifunza kwa kuchomeka

Kama ndio unaanza PHP na umefika pale pa kupokea fomu, hebu keti kidogo. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa hapa Kisumu ilikuwa fomu ya oda, mama mmoja wa omena pale soko la Kibuye alitaka wateja wajaze jina, simu na kilo ngapi, ndio akiamka asubuhi ajue anapima nini. Nikaona hiyo ni kazi ya jioni moja. Nikajaribu na jina langu ikaingia, nikajaribu na "aaa" ikaingia, nikalipwa.

Siku ya tatu ananipigia, ati kuna wateja wakibonyeza Tuma wanaona ukurasa mweupe tu, na si wote, ni wengine. Nililaumu bando za watu, nikalaumu simu zao, siku mbili nzima, mpaka nikauliza hao wateja kwani wanaitwa nani. Mmoja Ong'ayo, mwingine Nyang'au, mwingine Ng'ang'a. Aki nilitaka kujificha.

Shida ni hako kaalama ka ng'. Nilikuwa nachukua $_POST['jina'], yaani kile mteja amejaza, naibandika moja kwa moja ndani ya amri ya SQL, ile lugha ya kuongea na databesi, na SQL hufunga maandishi kwa alama hiyo hiyo, kwa hivyo databesi ikifika "Ong" inadhani jina limeisha, halafu inakutana na "ayo" haijui ifanye nayo nini. Sasa fikiria, kama jina tu la mtu anayetaka omena linavunja amri yako, mtu mwenye nia mbaya akiandika SQL yake hapo anaweza kusoma namba za wateja wako wote. Na usikimbilie kuondoa hiyo alama kwa majina, mimi nilifanya hivyo kwanza, nikamgeuza mtu Ongayo na akaniuliza huyo ni nani. Tumia PDO, njia ya PHP ya kuunganisha na databesi, prepare halafu execute: amri unaiandika na alama za kuuliza mahali pa data, data inapelekwa kando, haiwezi kuchanganyika na amri.

Kuna pia htmlspecialchars, inageuza alama kama < na ' kuwa kodi za HTML, hiyo ni ya wakati wa kuonyesha jina kwa ukurasa, ndio mtu akijaza skripti badala ya jina isije ikaanza kufanya kazi kwa brauza ya mama. Usiitumie wakati wa kuhifadhi. Nilifanya hivyo pia, tukatuma SMS zikaenda "Habari Ong'ayo". Huyu jamaa alivumilia sana.

Simu ihifadhi kama maandishi, ukiigeuza namba ile sifuri ya mbele inapotea. Na watu huandika wanavyotaka, 07, 01, +254, wengine na nafasi katikati, so bakisha tarakimu pekee, chukua tisa za mwisho, weka 254 mbele, na kama hazifiki tisa mrudishie fomu na vile alikuwa ameshajaza, usimfanye aanze upya.

Bei nayo nilikuwa nimeificha ndani ya fomu, type="hidden", nikidhani imefichwa. Haijafichwa, mtu yeyote anafungua brauza anaibadilisha kuwa shilingi moja anatuma. Hata hiyo required ya HTML, ya kulazimisha mtu ajaze, ni ya kusaidia mteja mwaminifu tu, mtu anaweza kutuma data kwa skripti yako bila hata kufungua fomu. Pokea kilo peke yake, bei itoke kwa databesi yako.

Ukishahifadhi, mpeleke mteja ukurasa mwingine na header('Location: asante.php'), halafu exit, usisahau hiyo exit. Bila hivyo akirifreshi oda inaweza kuingia tena, na mama anapima kilo kumi za mtu aliyetaka tano.

Ingine ndogo: sanduku la tiki lisipotikiwa halitumwi kabisa, kwa hivyo pale unaposoma weka ?? na jibu la kutumia kama haipo. Na seva inasoma name, si id, hiyo imenilia usiku mmoja mzima.

Siku hizi kabla nipeleke fomu kwa mteja naijaza kama Ng'ang'a, simu nusu, tiki sijaweka, kilo -5. Hiyo ya -5 mara ya kwanza ilipita, na jumla ikaonyesha ati mama ndio ana deni la mteja.