Maana na asili ya "duplicity"

Uliuliza neno la Kiingereza "duplicity" lina maana gani hasa. Ni undumilakuwili: mbele yako nakusifu, ukigeuka nakuchongea. Uongo mtupu hautoshi kuitwa hivyo, lazima kuwe na nyuso mbili.

Asili yake ni Kilatini: "duo" ni mbili, "plicare" ni kukunja. Hapo ndipo "duplex", yaani kilichokunjwa mara mbili, kisha "duplicitas". Kiingereza kililipokea kupitia Kifaransa, karne ya 15. Kiswahili nacho kimefika palepale kwa njia ya ndumilakuwili, nyoka anayeuma huku na huku, na kwangu picha hiyo ni kali zaidi.

Usilichanganye na "duplication", kunakili. Mahakamani pia tahadhari: makosa mawili yakiwekwa katika shtaka moja, kasoro hiyo huitwa "duplicity", bila hila yoyote.