Seva ya muvi nyumbani: maswali kutoka Mtwara na Lindi

Habari zenu mafundi. Nina laptopu ya zamani, RAM GB 2, kioo kimepasuka. Inaweza kurusha muvi kwenye tivii bila kula bando? (Chikongola, Mtwara)

Inaweza. Bando linahitajika wakati wa kusakinisha programu tu; baada ya hapo kinachotakiwa ni ruta, hata isiyo na laini ndani. Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ikazorota nchi nzima, seva za namna hii ziliendelea kama kawaida.

Ichomeke kwenye tivii kwa waya wa HDMI, uweke Debian (mfumo endeshi wa bure, aina ya Linux) bila mazingira ya dawati (desktop), na kwenye orodha ya mwisho uchague "SSH server". Kuanzia hapo utaiamrisha ukiwa kwenye mashine nyingine: `ssh jina@192.168.1.20` (namba iwe ya seva yako, na kwenye ruta uifunge isibadilike). Kisha sakinisha MiniDLNA, programu inayorusha muvi kwenye tivii kupitia ruta, na ufungue faili la mipangilio yake:

`sudo apt install minidlna`
`sudo nano /etc/minidlna.conf`

Ndani weka `media_dir=V,/srv/media` (folda zilipo muvi) na `friendly_name=Sebuleni`, halafu `sudo systemctl restart minidlna`. Ili laptopu isilale ukifunga kifuniko, kwenye `/etc/systemd/logind.conf` andika `HandleLidSwitch=ignore`, uiwashe upya.

Jellyfin, programu nyingine ya kazi hiyo, inapendeza zaidi kwa macho, lakini kwa GB 2 itajikongoja. Tusingeiweka.

Nimefuata hatua zote. Tivii inaiona seva, ila nikifungua folda ni tupu. Muvi zipo kwenye diski ya nje. (Mikindani)

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na karibu kila mara kosa ni ruhusa. MiniDLNA haifanyi kazi kwa jina lako. Ina mtumiaji wake aitwaye `minidlna`. Diski iliyojifungua yenyewe chini ya `/media/jinalako` inakufungulia wewe peke yako. Folda yako ya `/home` nayo, kwenye Ubuntu kuanzia 21.04, imefungwa kwa watu wengine. Kabla hujagusa kitu, jaribu hivi (badala ya `/srv/media` weka folda zilipo muvi zako sasa):

`sudo -u minidlna ls /srv/media`

Ukijibiwa "Permission denied", ugonjwa umeshaujua. Ipe diski makao ya kudumu. Tafuta UUID (namba ya utambulisho) yake kwa `lsblk -f`, tengeneza folda kwa `sudo mkdir -p /srv/media`, kisha ongeza mstari huu kwenye `/etc/fstab`, faili lenye orodha ya diski za kufunguliwa mashine ikiwaka:

`UUID=xxxx /srv/media ext4 defaults,nofail 0 2`

Halafu `sudo mount -a`, na `sudo chmod -R a+rX /srv/media`. Hiyo X iwe kubwa: inafungua folda bila kuzigeuza faili za muvi kuwa programu. Kama diski imepangwa kwa exFAT (mpangilio usiohifadhi ruhusa), chmod haitafua dafu. Kwenye mstari wa fstab badili `ext4` iwe `exfat`, weka `defaults,nofail,umask=022`, na namba ya mwisho iwe 0.

Mwisho simamisha huduma, futa `/var/cache/minidlna/files.db`, uiwashe tena ihesabu upya. Fungua `http://192.168.1.20:8200` kwenye simu. Utaona idadi ya video ilizozikuta. Ikiwa 0, rudi kwenye ruhusa, usihangaike na tivii.

Umeme ukikatika na kurudi, seva haiwaki mpaka mwisho. Inataka nenosiri la root. (Ruangwa)

Mstari wako wa fstab hauna `nofail`. Mfumo unaisubiri diski, haiioni, unagoma.

Kuna mtego mwingine. Diski kubwa za inchi 3.5 zina adapta yake ya ukutani. Umeme ukikatika, laptopu inabaki hai kwa betri lakini diski inazimika katikati ya kuandika. Tumia ya inchi 2.5 inayokula umeme wa USB, ili zote mbili ziishi kwa betri moja. Na ili MiniDLNA isiamke kabla ya diski, andika `sudo systemctl edit minidlna`, uweke:

`[Unit]`
`RequiresMountsFor=/srv/media`

Picha ipo, sauti hakuna. (Masasi)

Piga `ffprobe filamu.mkv` (inakuja na programu ya ffmpeg), uangalie mstari wa "Audio". Ukiona "dts" (aina ya sauti), tivii yako haiisomi. Samsung, kwa mfano, waliiondoa mwaka 2018. Badili sauti tu, picha uiache ilivyo:

`ffmpeg -i filamu.mkv -map 0:v:0 -map 0:a:0 -c:v copy -c:a ac3 -b:a 448k mpya.mkv`

Ni kazi ya dakika chache. Tatizo likiwa ni picha ya "hevc" kwenye tivii ya zamani, weka `-c:v libx264 -crf 21 -preset fast -pix_fmt yuv420p` badala ya `-c:v copy`, uiache usiku kucha.

Itanimalizia LUKU? (Lindi mjini)

Laptopu ya wati 20 ikiwaka saa 24 ni uniti 0.48 kwa siku, takribani 14 kwa mwezi. Kama upo kundi la uniti 75, hizo si haba. Izime usiku.

Nipo Nachingwea kikazi, seva ipo Lindi. Nawezaje kuiona? (Nachingwea)

Kwa MiniDLNA huwezi, haivuki nje ya ruta. Kufungua mlango (port) kwenye ruta ya laini ya simu nako mara nyingi hakusaidii, kwa sababu anwani uliyopewa unaichangia na wateja wengine. Tailscale (inayounganisha mashine zako kupitia intaneti) pamoja na Jellyfin vinawezekana, lakini muvi ya saa mbili kwa Mbit 4 kwa sekunde ni GB 3.6, na bando linaliwa pande zote mbili. Beba flashi.

Diski inakatika na kurudi kila mara. Fundi anasema imekufa. (Shangani, Mtwara)

Kabla hujanunua nyingine: `sudo apt install smartmontools`, kisha `sudo smartctl -a -d sat /dev/sdb`. Tazama mistari miwili, wa 199 na wa 197, kila mmoja namba iliyo mwishoni mwake. Mstari wa 199 ukiwa unapanda, shuku viungio vya diski na kasha lake; usipopanda na wa 197 ukiwa 0, shuku waya wa USB na ncha zake kwanza, hasa nyumba ikiwa inapigwa na upepo wa bahari, maana chumvi hula ncha za USB. Badili waya, tumia tundu jingine, uisogeze mbali na dirisha. Mstari wa 197 ukiwa juu ya 0 na unaendelea kupanda, fundi hakukosea: nakili video za harusi leo hii, muvi zisubiri.