Jinsi Nilivyoirudishia Krismasi Siku Zake

Ilikuwa mkesha wa Krismasi, kanisa limejaa, na kwaya ilipoanza wimbo ambao tangu utotoni ulikuwa ukinisisimua mwili, nilijikuta sihisi chochote. Niliendelea kusimama na kuimba pamoja na wengine, lakini nilitambua kwamba wimbo huohuo nilikuwa nimeusikia karibu kila siku kwa takriban wiki kumi: dukani nikiwa kwenye foleni, ndani ya lifti, na hata kwenye simu nilipokuwa nikisubiri kuhudumiwa. Ulikuwa umechakaa kabla ya siku yake kufika. Nilirudi nyumbani na huzuni ambayo sikuweza kumweleza mwenzangu, kwa kuwa kwa macho ya mtu wa nje hatukuwa tumepungukiwa na kitu.

Mwaka huo nilikuwa nimeanza kununua zawadi mwezi wa Oktoba, kwa sababu matangazo yalisema kwamba punguzo la bei lingekwisha baada ya siku chache, na nyingi nilizichukua kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo. Punguzo halikwisha. Lilibadilishwa jina Novemba, likabadilishwa tena Desemba, na kila lilipobadilika niliongeza kitu kingine. Januari, nikisafisha kabati, nilikuta mfuko wa zawadi za Oktoba ambazo nilikuwa nimezisahau kabisa, huku wale niliowakusudia nikiwa nimeshawanunulia vitu vingine. Deni nililimaliza mwezi wa Julai, na miezi mitatu baadaye matangazo yakaanza upya.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba tatizo ni Krismasi kuanza mapema mno. Sasa naona hiyo ni nusu ya tatizo. Nusu ya pili ni kwamba inakwisha mapema mno, kwa sababu kufikia tarehe 26 Desemba maduka huwa yamekwisha kuigeukia biashara nyingine, ilhali kwa kalenda ya Kanisa sikukuu ndiyo kwanza imeingia siku yake ya pili. Ushauri wangu wote katika makala haya unatokana na jambo hilo moja: badala ya kupigana na maduka, ambayo hatuwezi kuyafunga, tuirudishie sikukuu siku zake halisi, zile za kungojea na zile za kusherehekea.

Haraka hii ya kibiashara haikuanza jana. Mwaka 1939 Rais Franklin D. Roosevelt wa Marekani alitangaza kwamba sikukuu ya Shukrani, ambayo huadhimishwa Novemba na kwa desturi hufungua msimu wa manunuzi ya Krismasi, ifanyike wiki moja kabla ya siku iliyozoeleka, baada ya wafanyabiashara kulalamika kwamba mwaka huo siku za kuuza zingekuwa chache. Baadhi ya majimbo yalikataa, nchi moja ikasherehekea kwa tarehe mbili tofauti, na mwaka 1941 Bunge likalazimika kuitungia sheria tarehe hiyo. Habari hii ilinisaidia kuelewa kwamba uchovu wangu haukutokana na udhaifu wa moyo wangu peke yake. Kuna watu ambao kazi yao ni kuurefusha msimu, na wanaifanya vizuri. Sisemi hivyo kwa kuwachukia. Wapo wauzaji ambao mapato ya majuma hayo machache ndiyo yanayowavusha miezi mikavu, na mimi hununua kwao. Ninachokataa ni wao kunipangia kalenda ya roho yangu.

Kalenda yenyewe ipo tayari. Katika makanisa ya Magharibi yanayoadhimisha Majilio, yaani majuma ya kuingojea Krismasi, kipindi hicho huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, yaani kati ya tarehe 27 Novemba na tarehe 3 Desemba, na huwa na Jumapili nne. Mapadre wa Kikatoliki huvaa rangi ya zambarau na kuuacha wimbo wa Utukufu katika Misa za Jumapili, ili utakapoimbwa usiku wa Krismasi usikike kama habari mpya. Nilikuwa nimeyaona hayo maisha yangu yote bila kuyazingatia. Ni baada ya mkesha ule mkavu ndipo nilipoelewa kwamba ukimya huo una kazi.

Jambo lililonigusa zaidi ni asili ya taji la Majilio. Mwaka 1839 Johann Hinrich Wichern, mwanateolojia wa Kilutheri aliyekuwa akiwalea watoto maskini mjini Hamburg, alitengeneza duara kubwa la mbao lenye mishumaa minne mikubwa ya Jumapili na mingine midogo ya siku za katikati, ukiwashwa mmoja zaidi kila siku. Inasimuliwa kwamba watoto walikuwa wakimuuliza kila siku kama Krismasi imefika. Aliwapa njia ya kuiona siku ikikaribia bila kuila kabla haijaiva. Nami nyumbani kwangu nimeweka mishumaa minne tu, na kila Jumapili jioni tunazima taa, tunawasha wa wiki hiyo, tunasoma kifungu kifupi, kisha tunakaa kimya kwa dakika chache. Mwaka wa kwanza watoto walilalamika kwamba kwa wenzao miti ilikuwa imeshapambwa. Sikuwakemea, kwa kuwa lalamiko lao lilikuwa la haki kwa mtoto. Niliwapa kazi ya kuwasha mishumaa, na mabishano yakahamia kwenye zamu ya nani imefika.

Kuhusu fedha, nimejifunza kwamba uamuzi lazima utangulie matangazo. Mwezi wa Septemba ninaandika majina ya watu nitakaowapa zawadi, ninapanga kiasi cha jumla, kisha ninakigawa, na mkopo hauna nafasi katika hesabu hiyo. Ninanunua kwa siku mbili au tatu nilizozichagua mwenyewe na kumaliza kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio. Najua inaonekana ajabu kwamba mtu anayelalamikia msimu kuanza mapema ananunua mapema, lakini kazi ya kununua ikishaisha, Desemba yote hubaki wazi kwa kungojea. Arifa za maduka nimezizima kwenye simu, na kitu ambacho hakikuwa kwenye orodha nakiacha siku tatu kabla ya kukifikiria tena. Mara nyingi siku ya nne sikikumbuki.

Mwanauchumi Joel Waldfogel alichapisha mwaka 1993 utafiti uliowauliza wanafunzi thamani ya zawadi walizopokea, na ukakadiria kwamba kati ya sehemu ya kumi na sehemu ya tatu ya thamani ya zawadi za sikukuu hupotea, kwa kuwa anayepokea huithamini zawadi chini ya bei aliyolipa mtoaji. Sikubaliani na yeyote anayetaka kuigeuza zawadi kuwa hesabu tupu, ila takwimu hiyo ilinipa ujasiri wa kuzungumza na ndugu zangu. Nilipendekeza kwamba watu wazima tupige kura ya kuokota majina, na kila mmoja amnunulie tu ndugu ambaye jina lake limemwangukia. Dada yangu mkubwa alinijibu, “Mdogo wangu, watu watasema umekuwa bahili.” Nilimwambia, “Dada, mwaka jana ulinipa zawadi nzuri, lakini hatukupata hata saa moja ya kukaa pamoja.” Alinyamaza muda mrefu, na kura ya kwanza akaichukua yeye. Ukitaka kufanya mabadiliko kama haya, yazungumze mapema na kwa upole, kwa sababu mwezi wa Desemba mtu huwa ameshatumia fedha zake, na pendekezo lako atalisikia kama lawama.

Sehemu ambayo watu wengi huiacha ni ile inayofuata tarehe 25. Kuanzia Krismasi yenyewe kuna siku kumi na mbili kabla ya Epifania, sikukuu ya mamajusi kumtembelea mtoto Yesu, inayoadhimishwa tarehe 6 Januari, na siku hizo hazina matangazo wala foleni. Ndizo nilizozichagua kwa kuwatembelea wagonjwa na wazee, kuandika barua ambazo sikuandika mwaka mzima, na kuimba nyimbo zile kwa utulivu. Zawadi moja ya kila mtoto huwekwa hadi siku ya mwisho. Nyimbo zenyewe sizipigi nyumbani kabla ya mkesha, na ingawa madukani bado nazisikia, katika mwaka wa pili wa utaratibu huu kwaya ilipoanza wimbo ule kanisani nilishindwa kuumaliza kwa machozi.

Jioni ya tarehe 6 tunakunja mapambo, nami naandika daftarini kiasi tulichotumia na majina ya watu ambao hatukuwafikia, ili mwaka unaofuata wawe wa kwanza kwenye orodha.