Manowari ndogo kwa vita vya mezani: chagua pigano kabla ya meli

Wanaoniuliza waanzie wapi kutengeneza manowari ndogo za kuchezea vita mezani huwa tayari wamechagua meli. Wanataka Bismarck, wanataka Yamato, kitu kikubwa chenye jina. Ushauri wangu ni kwamba meli isubiri kwanza, uchague pigano. Meli moja iliyopakwa rangi vizuri ni pambo la kabatini. Meli tatu zilizowahi kurushiana makombora ni mchezo, na hamu ya kuucheza ndiyo itakayokurudisha kwenye brashi kila jioni.

Na liwe pigano dogo. Jutland ya mwaka 1916 ilikuwa na meli takriban 250. Ukianzia huko utachoka ukiwa bado kwenye rangi ya msingi. Kwetu sisi lipo pigano linalofaa kuliko yote: Königsberg kwenye delta ya Rufiji, Julai 1915.

Kruza hiyo ya Kijerumani, yaani meli ya kivita nyepesi yenye kasi, iliizamisha HMS Pegasus bandarini Zanzibar alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha kwenye mikono ya Rufiji. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba, ila kruza zao zilihitaji kina kikubwa mno kuweza kuifuata. Ndipo zikaletwa monita mbili, yaani meli bapa za kivita zinazobeba mizinga mikubwa, Severn na Mersey, zilizokuwa zimejengwa kwa ajili ya mito ya Brazil. Chini ya maji zilishuka kiasi cha mita 1.7 tu, wakati Königsberg ilishuka zaidi ya mita 5. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua mambo, kwa hiyo ionekane mezani. Königsberg ilikuwa na urefu wa mita 115 na upana wa mita 13, nyembamba, yenye dohani (mabomba ya moshi) tatu. Monita zilikuwa na mita 81 kwa 15, fupi na pana, zimelala juu ya maji. Mchezaji aliyesimama upande wa pili wa meza azitambue kwa umbo tu, hata kabla ya rangi.

Kwa pigano dogo kama hili mimi napenda kipimo cha 1/1200, yaani sentimita moja ya mfano ni mita 12 za meli yenyewe. Königsberg inatoka na urefu wa sentimita 9.6, monita karibu 6.8, na mkono unazishika bila shida. Kipimo cha 1/2400 ni kizuri ukiwa na vikosi vizima na meza ndogo, lakini hapo Königsberg ni milimita 48 tu, na dohani tatu zinaanza kukaribiana.

Uwe umenunua meli za madini au umezichapa kwa printa ya 3D inayotumia resini (plastiki ya majimaji), kazi ya mwanzo ni moja: kusafisha. Ondoa mabaki kwa kisu na msasa laini, osha kwa maji na sabuni ya vyombo, acha ikauke kabisa. Resini ambayo haijagandishwa kwa mwanga ni sumu kwa ngozi na mapafu. Vaa glavu, fungua madirisha, na usiifanyie kazi jikoni. Hili sitaki mtu alipuuze.

Kagua pia silaha. Severn na Mersey zilijengwa zikiwa na mizinga miwili ya inchi 6 ndani ya kibanda kimoja cha chuma upande wa omo (mbele). Ilipochakaa kwa vita vya pwani ya Ubelgiji, zikafungiwa mizinga ya mmoja mmoja, omo na tezi (nyuma). Zilivyokuja Rufiji zilikuwa hivyo. Ukikuta kibanda hicho kwenye meli uliyonunua, kikate bila huruma na uweke vipande viwili vya waya mwembamba. Na ukipita Mombasa, nenda Fort Jesus: upo mzinga wa Königsberg na mwingine wa Pegasus. Piga picha za ubavuni.

Milingoti ya madini hupinda mara ya kwanza inapoguswa na mkono wa mchezaji. Toboa tundu dogo, weka unywele wa ufagio wa plastiki, shika kwa tone la gundi ya supagluu. Ukiguswa unapinda na kurudi. Gundi hiyo hukauka haraka kwenye hewa yetu ya pwani, lakini unyevu huo huo huiachia ukungu mweupe, kwa hiyo weka kidogo sana kwa ncha ya pini.

Unyevu ndio adui mkubwa wa rangi ya kupuliza pia. Praima (rangi ya msingi) ya magari inayouzwa kwenye maduka ya vipuri inafaa, ila isipulizwe alfajiri wala usiku. Subiri mchana, kivulini, siku isiyo na mvua. Miezi ya kipupwe ni mizuri kuliko yote. Vanishi isiyong'aa ina masharti hayo hayo, na ikikamata unyevu hugeuka nyeupe juu ya kazi yote uliyomaliza.

Sasa rangi. Meli ya sentimita 10 ukiitazama ukiwa umesimama, macho yako yako kama sentimita 80 kutoka kwake. Kwa kipimo cha 1/1200 huo ni umbali wa karibu kilomita moja, na meli iliyo mbali kiasi hicho imepauka kwa hewa iliyo katikati. Kwa hiyo kila rangi ichanganye na nyeupe au kijivu hafifu. Usitumie nyeusi tupu popote, hata vinywa vya dohani. Kijivu kizito kinatosha. Königsberg naipa kijivu hafifu na sitaha ya mbao iliyopauka, monita kijivu kizito zaidi, ili pande mbili zijitenge zenyewe. Kisha rangi ya kahawia iliyoyeyushwa sana kwa maji, na tone la sabuni, itiririke kwenye mifereji. Ikikauka, pitisha brashi kavu yenye kijivu cheupe kwenye kingo tu. Brashi nyembamba ninazotumia ni zile za kuchorea kucha, zinapatikana kwenye maduka ya vipodozi.

Maji ya delta yasiwe ya buluu. Ni kahawia iliyochanganyika na kijani, yamebeba tope. Königsberg imetia nanga, usiichoree povu la mwendo. Monita nazo zinapanda mto taratibu, mstari mdogo nyuma ya tezi unatosha. Mikoko itengeneze kwa ule upande mgumu wa kijani wa sponji ya vyombo: uchane vipande, upake kijani cheusi, kisha kijani hafifu juu.

Meza haitatosha umbali wa kweli. Monita zilipiga kutoka karibu kilomita 10, na kwa 1/1200 hiyo ni zaidi ya mita 8. Kubali kwamba meli zina kipimo chake na umbali una wake. Ya muhimu zaidi ni kwamba hazikuonana. Katikati yake ilikuwa mikoko. Kwa hiyo tengeneza na ndege. Tarehe 6 Julai monita ziliondoka bila kuimaliza Königsberg; tarehe 11 ndege iliyotoka Mafia ilirekebisha shabaha kwa redio, ikapigwa, na hao waliokuwamo wakaendelea kutuma ishara huku wakishuka. Mchezaji wa Kiingereza apate dadu za ziada pale tu ndege yake iko hewani, na mchezaji wa Königsberg apewe ruhusa ya kuipiga.